Nani Mwandishi, Mtu au Tarakilishi?

Msomaji, swali hili si geni. Mwaka 1985 magazeti mawili ya Uingereza yalipelekana kortini juu ya vijisanduku vya herufi vya shindano la zawadi, vilivyopangwa na tarakilishi. Jaji akasema tarakilishi ni chombo tu, kama kalamu. Mwandishi ni aliyeunda programu.

Sheria yao ya 1988 ikaongeza: kazi ikitungwa na tarakilishi bila mtu, mwandishi ni yule aliyefanya mipango iliyohitajika ili itungwe. Kenya ikayabeba maneno hayo, karibu yalivyo, katika sheria yetu ya 2001.

Sasa nikiiambia akili unde ichore nembo ya mteja, aliyefanya mipango ni nani? Mimi na sentensi yangu moja, au kampuni iliyoifunza mashine kwa mamilioni ya picha (za watu wengine, tusisahau)? Sheria haisemi, na mteja ameshalipa.

Marekani ni kavu zaidi. Stephen Thaler aliomba hakimiliki ya picha aliyosema imetungwa na mashine yake pekee. Machi 2025 mahakama ya rufaa ilimkatalia: mwandishi lazima awe binadamu. Kwa msimamo huo, nembo isiyo na mkono wa mtu yeyote anaweza kuinakili, na hakimiliki haitamzuia.