Mfuko wa hewa usiofyatuka ni hatari kwa mwokoaji

Gari linapogongana na lori au kuparamia nguzo katika barabara za miji yetu, wanaofika wa kwanza kwa kawaida si askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ni makondakta wa daladala, waendesha bodaboda, mafundi wa gereji ya jirani na wapita njia, ambao kwa nia njema huingiza vichwa na mikono ndani ya gari lililobonyea ili kumtoa aliyebanwa.

Wengi wao huogopa petroli inayovuja, na wana haki kuiogopa. Lakini katika magari ya siku hizi zipo hatari nyingine mbili zisizotoa harufu wala moshi. Moja ni umeme uliobaki ndani ya gari, na ya pili ni mifuko ya hewa ambayo ajali haikuifyatua.

Mfuko wa hewa, ambao mafundi huuita eabegi, hukaa umekunjwa ndani ya usukani au dashibodi. Kompyuta ndogo ya gari ikihisi mgongano mkubwa, hupeleka umeme kidogo kwenye kopo la chuma lenye kemikali inayoungua kwa kasi na kutoa gesi. Mfuko hujaa katika muda wa takriban sekunde 0.03 hadi 0.05, na huweza kuchomoka kwa mwendo unaokaribia kilomita 300 kwa saa.

Nguvu hiyo ilipimwa kwa ajili ya mtu aliyekaa wima, amefunga mkanda, na kifua chake kiko mbali kidogo na usukani. Haikupimwa kwa msamaria aliyeinama juu ya mapaja ya majeruhi huku uso wake ukikaribia kugusa honi.

Ndiyo maana mfuko uliokwisha kufyatuka na kuning'inia hautishi kama ule uliobaki umejificha. Gari lililogongwa ubavuni, kwa mfano, huenda mifuko yake ya mbele isifyatuke kabisa. Mwaka 1995 katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani, askari wawili wa zimamoto walijeruhiwa pale mfuko wa dereva ulipofyatuka wakiwa katika kazi ya uokoaji.

Hata ule uliofyatuka si wa kuaminiwa moja kwa moja, kwani baadhi ya magari yana mifuko ya hatua mbili, na hatua ya pili inaweza kuwa bado haijalipuka.

Kwetu Afrika Mashariki hatari hii imekuja pamoja na magari yaliyotumika kutoka Japan. Toyota IST, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2002 na ambayo mkazi wa Dar es Salaam haihitaji kuelezwa, ni mojawapo ya magari yenye mifuko hiyo. Penye mfuko, aghalabu huwa pameandikwa SRS: katikati ya usukani, juu ya dashibodi upande wa abiria, ubavuni mwa kiti, au kwenye nguzo za paa. Mwokoaji azitafute herufi hizo kabla ya kugusa chochote.

Kazi ya kwanza ni kuukata umeme wa gari, na hapa ndipo haraka huharibu mambo. Fundi akikimbilia betri na kung'oa waya mara moja, vioo vya umeme haviteremki tena na kiti cha umeme hakirudi nyuma. Hivyo umeme huo utumike kwanza: teremsha vioo, fungua milango, sogeza kiti nyuma ikiwa hali ya majeruhi inaruhusu, washa taa za tahadhari. Kisha zima gari na uuondoe ufunguo. Ufunguo ule wa kisasa, usiochomekwa popote, uwekwe umbali wa angalau meta 5, kwani gari linaweza kuutambua hata ukiwa mfukoni mwa dereva.

Waya wa kwanza kufunguliwa ni wa hasi. Sababu yake ni nyepesi: bodi lote la gari limeunganishwa na upande wa hasi, kwa hiyo spana ikiteleza kutoka kwenye chanya na kugusa chuma, cheche itaruka, pengine juu ya petroli iliyomwagika. Taa za tahadhari zikizimika, hiyo ni dalili kwamba umeme umekatika. Zikiendelea kuwaka, ipo betri nyingine, ama kwenye buti ama chini ya kiti. Aidha, kifaa chenye betri yake kilichochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara kinaweza kurudisha umeme katika gari ambalo watu wameshalihesabu kuwa limekufa.

Hata baada ya hapo hatari haijaisha. Mfumo wa mifuko ya hewa una kapasita, kifaa kinachotunza umeme wa akiba ili mfuko uweze kufyatuka hata kama betri imevunjika katika ajali. Kwa magari mengi ya Toyota, kampuni hiyo inaeleza kwamba akiba hiyo huweza kudumu hadi sekunde 90. Baadhi ya watengenezaji wengine wanataja dakika kadhaa.

Sekunde 90 ni muda mrefu mno kwa mtu anayesikia majeruhi akilia. Lakini si lazima akae bure. Waokoaji wa Marekani hutumia vipimo ambavyo kwa hesabu yetu ni takriban sentimita 13 kutoka mifuko ya ubavuni, 25 kutoka usukani na 50 kutoka dashibodi ya abiria. Anayeshika shingo ya majeruhi isitikisike aingie kwa mlango wa nyuma na akae nyuma ya kiti. Kazi hiyo huweza kuifanya vizuri pasipo kuwa mbele ya mfuko. Ubao au kifaa chochote kisiwekwe kati ya majeruhi na usukani, maana mfuko ukifyatuka utakigeuza kuwa kombora.

Wenye mashine za kukatia vyuma wana jambo lao. Mifuko ya pembeni ya kichwa hujazwa na mitungi midogo ya gesi iliyofichwa kwenye paa au nguzo zake, yenye presha inayoweza kufika takriban mara mia ya ile ya tairi. Kwa hiyo plastiki ya ndani hubanduliwa kwanza, mtungi ukaonekana, ndipo chuma kikatwe mahali pengine.

Magari yanayotumia petroli na umeme, kama Toyota Prius iliyotoka mwaka 1997 na Aqua ya mwaka 2011, yana kinyume chake: ukimya ndio wenye kudanganya. Injini inaweza kuwa imenyamaza na gari likawa tayari kuondoka, hivyo magurudumu yazuiwe kwa jiwe au gogo. Betri kubwa ya Prius nyingi ina zaidi ya volti 200, na mfumo huupandisha umeme huo hadi volti 500 au zaidi. Nyaya zake zina rangi ya machungwa. Zisikatwe wala kuguswa. Kuzima gari na kukata betri ndogo huitenga betri kubwa na nyaya hizo, ila umeme huweza kubaki ndani yake kwa hadi dakika 10.

Nguzo ya umeme ikiwa imeangushwa na waya umelala juu ya gari, kanuni zote hizo husubiri. Waliomo ndani wabaki ndani, walio nje wakae umbali wa meta 10 au zaidi, na asiwepo wa kujaribu kuuondoa waya kwa ufito hadi shirika la umeme lithibitishe kwamba laini imezimwa. Gari likishika moto, abiria aruke miguu ikiwa pamoja, bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa hatua fupi za kuburuza nyayo. Simu ya dharura ya Zimamoto na Uokoaji nchini Tanzania ni 114.

Lipo pia suala la mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japan, ambayo iliomba kufilisiwa mwaka 2017. Kemikali katika mamilioni ya mifuko yake, amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha kopo hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Mwenye gari la zamani katika miji ya pwani kama Tanga au Mombasa ana sababu ya kupeleka namba ya chesisi kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza.

Na gari likishavutwa hadi kituo cha polisi au gereji, mifuko isiyofyatuka huenda nalo. Fundi atakayerudishia betri siku ya tatu ili ajaribu redio, huku ameegemea usukani, hana habari ya yaliyotokea barabarani.