Bati la Kyerwa na Hesabu ya Kilichobaki Ardhini

Historia ya uchimbaji wa madini ya bati katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ni historia ya maswali mawili yanayotegemeana: ni kiasi gani cha madini kimekwisha kutolewa ardhini, na ni kiasi gani kimebaki. Uzoefu wa takriban miaka mia moja unaonyesha kwamba swali la pili halipati jibu la kuaminika mahali ambapo la kwanza halikuandikiwa kumbukumbu. Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini, na ujirani huo umekuwa sehemu ya hesabu yenyewe.

Neno bati huwapeleka wasomaji wengi kwenye mabati ya kuezekea, ambayo kwa kweli ni chuma kilichopakwa zinki. Bati linalozungumzwa hapa ni metali laini yenye weupe wa fedha, inayotumika kuunganishia vifaa vya elektroniki na kupaka makopo ya vyakula, nayo hupatikana ndani ya jiwe zito, jeusi au la kahawia, liitwalo kasiteriti, ambalo likiwa safi huwa na karibu asilimia 79 ya bati kwa uzito. Jiwe hilo limo katika ukanda wa miamba ambao wanajiolojia huuita Karagwe-Ankole, unaoenea kaskazini magharibi mwa Tanzania, Rwanda, Burundi na kusini magharibi mwa Uganda. Karibu miaka bilioni moja iliyopita, miamba ya graniti iliyokuwa bado katika hali ya kuyeyuka ilipenya kwenye matabaka ya kale ya ukanda huo, na vimiminika vya moto vilivyotoka humo vikajaza nyufa na kuacha mishipa ya kwatzi yenye kasiteriti. Baadaye mvua na mmomonyoko viliibomoa mishipa hiyo, na kwa kuwa kasiteriti ina uzito wa takriban mara saba ya maji, ilhali kwatzi haifiki mara tatu, chembe zake zilituama kwenye miteremko na mabonde badala ya kuchukuliwa mbali na mikondo.

Ujuzi wa metali katika eneo hilo ni mkongwe kuliko kampuni yoyote, kwa maana katika nchi ya Wahaya, mkoani humohumo, chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na ufalme wa Karagwe, ambao John Hanning Speke aliufikia mwaka 1861 wakati wa Mfalme Rumanyika, ulihifadhi vifaa vya chuma miongoni mwa alama za mamlaka yake. Uchimbaji wa kibiashara wa bati ulianza katika miaka ya 1920, chini ya utawala wa Waingereza, katika kipindi kilekile ambacho idara ya jiolojia ya Tanganyika iliundwa, na miongoni mwa kampuni zilizochimba huko ilikuwamo Kyerwa Syndicate. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, na pamoja nayo sehemu kubwa ya bati la dunia, migodi ya Afrika ilipata umuhimu mpya, na kilichotafutwa kwanza kilikuwa tani za kusafirishwa haraka.

Njia ya kukadiria kasiteriti iliyotuama mabondeni ni rahisi kuieleza, ingawa ni ngumu kuitekeleza. Mtaalamu huchimba mashimo ya majaribio kwa umbali uliopangwa, huosha udongo wa kila shimo, hupima kasiteriti iliyopatikana, kisha huzidisha ujazo wa eneo kwa wastani wa madini katika kila mita ya ujazo. Kwa mfano, bonde lenye urefu wa mita 100, upana wa mita 50 na tabaka la kina cha mita 2 lina mita za ujazo 10,000. Ikiwa sampuli zake zinatoa wastani wa kilo moja ya kasiteriti kwa kila mita ya ujazo, bonde hilo lina tani 10 za kasiteriti. Wastani ukikosewa kwa nusu kilo tu, tani tano huongezeka au hutoweka kwenye karatasi bila ardhi yenyewe kubadilika.

Hatari ya kutegemea sampuli zisizohakikiwa ilidhihirika mwaka 1997, dhahabu iliyodaiwa kuwapo Busang, Indonesia, na kampuni ya Bre-X ya Kanada ilipogundulika kuwa ni udanganyifu wa sampuli. Kanada ilitunga kanuni kali mwaka 2001, na leo kanuni za nchi nyingi hugawa rasilimali katika ngazi tatu kwa kadiri ya ushahidi: inayokisiwa kutokana na sampuli chache, inayoashiriwa na sampuli za kutosha kupanga mgodi, na iliyopimwa kwa sampuli zilizokaribiana. Sehemu ambayo imethibitika kuwa inaweza kuchimbwa kwa faida ndiyo peke yake inayoitwa akiba.

Mgodi wa kale huongeza ugumu wa namna tatu. Kwanza, kasiteriti hukaa kwa mafungu ndani ya mshipa, hivyo tundu jembamba la mashine ya kuchoronga laweza kupita kando ya fungu nono au kulipata kwa bahati, na matokeo yote mawili yakapotosha wastani. Pili, wachimbaji wa awali huondoa sehemu bora na kuacha marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji, ambayo nayo huweza kuwa na madini yanayostahili kuhesabiwa. Tatu, wachimbaji wadogo wenye sururu na koleo hubadilisha sura ya eneo kila mwaka, na jiwe linalovushwa mpaka kwa magendo huandikwa kuwa limetoka nchi nyingine, kiasi kwamba Kyerwa hupoteza mapato na pia kumbukumbu ya kilichopungua.

Thamani ya kumbukumbu inaonekana Kilembe, magharibi mwa Uganda, ambako mgodi wa shaba uliofanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982 ulitoa takriban tani milioni 16 za mawe yenye karibu asilimia 2 ya shaba, na kuacha makadirio ya zaidi ya tani milioni 4 za kiwango kama hicho. Makadirio hayo ni ya zamani na yanahitaji kuhakikiwa upya kwa uchorongaji, lakini anayeanza kazi ana mahali pa kuanzia. Hata mabaki ya mgodi huo yalikuwa yamehifadhiwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kilijengwa Kasese ili kuyatoa madini ya kobalti.

Nchi za Maziwa Makuu, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana mwaka 2010 mjini Lusaka kupambana na uvunaji haramu wa maliasili, kwa hatua zilizojumuisha utoaji wa vyeti vya asili ya madini, na kuanzia 2019 Tanzania ilifungua masoko rasmi ambako madini hupimwa na kuandikwa. Kwa kawaida masoko hayo husifiwa kwa kodi inayokusanywa, lakini kwa Kyerwa faida yake ni kubwa zaidi, kwa sababu kila kilo inayoandikwa pamoja na jina la kilima ilikotoka ni takwimu ya jiolojia. Ni wajibu wa mamlaka za madini kuyaunganisha madaftari ya masoko na ramani za leseni na za mashimo ya kale, na ni wajibu wa kila mchimbaji na mnunuzi kutaja kwa ukweli mahali jiwe lilikochimbwa, ili wana Kyerwa wa kesho warithi ardhi ambayo hesabu yake inajulikana.