Upele Uliobadilishwa Majina

Leo tunazungumzia upele unaofanana na ukoko wa utosini mwa mtoto mchanga, au vipele vya nepi, ila huu hausikii mafuta wala krimu. Madaktari huuita histiositosi ya seli za Langerhans. Ni nadra mno: kwa mwaka, watoto wasiofika 10 katika kila milioni.

Mwaka wa 1868 huko Berlin, mwanafunzi wa udaktari, Paul Langerhans, alitia ngozi ya binadamu rangi yenye dhahabu, akaona kwa hadubini seli zenye matawi. Akadhani ni za neva. Kumbe ni walinzi wa ngozi, kazi yao kunasa vijidudu.

Ugonjwa wenyewe ulikuja kwa vipande. Mwaka wa 1893 Alfred Hand wa Philadelphia alieleza habari za mtoto wa miaka mitatu mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa kupita kiasi, macho yametokeza. Yeye akashuku kifua kikuu. Letterer wa Ujerumani mwaka wa 1924, na Siwe wa Uswidi mwaka wa 1933, waliandika juu ya watoto wadogo waliovimba ini na bandama. Kila daktari aliona upande wake, na kila upande ukapata jina. Ni mwaka wa 1953 ndipo Louis Lichtenstein alipoyaunganisha. Na kwa kuwa asili haikujulikana, akauita histiositosi X. Mwaka wa 1973 Nezelof na wenzake Ufaransa walionyesha kwamba seli zenye ugonjwa zina alama zile zile za seli za Langerhans. Mwaka wa 2010 wanasayansi wa Marekani walipata hitilafu ya jeni iitwayo BRAF katika zaidi ya nusu ya vipande walivyopima. Kwa hiyo mama, si uchafu wako, si kijicho cha jirani, na hauambukizi.

Macho peke yake hayatoshi kuutambua. Upele ukikaa wiki nyingi kichwani, nyuma ya masikio au kwenye mikunjo ya mapaja, hasa ukiwa na vidoa vyekundu vya damu, omba kuonana na daktari wa ngozi. Atatia ganzi, akate kipande kidogo kikapimwe maabara.

Ukiwa kwenye ngozi tu, huenda ukaisha wenyewe, ingawa mtoto lazima afuatiliwe. Ukiingia mifupani au ndani ya mwili, hutumika sindano za vinblastini pamoja na prednisoloni, mara nyingi kwa mwaka mzima. Vinblastini ilitokana na ua lenye asili ya Madagaska, lile la waridi au jeupe lenye petali tano ambalo wengi wetu tunalo uani. Tafadhali usilichemshe ukamnywesha mtoto, ni sumu.

Na hata upele ukipona, mtoto akianza kuamka usiku kutafuta maji na kukojoa ovyo, mrudishe hospitali, umweleze daktari kuhusu ule upele wa zamani.