Wosia Usio na Mwusia: Kuisikiliza Upya Innuendo ya Queen

Albamu ya Innuendo, ambayo bendi ya Queen iliitoa Februari 1991, imezoeleka kuitwa wosia wa Freddie Mercury. Sababu haiko mbali. Mwimbaji huyo, aliyezaliwa Unguja Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, siku moja tu baada ya kutangaza kwamba alikuwa na UKIMWI. Hata hivyo, wosia katika fasihi ya Kiswahili ni utanzu wenye masharti yake, na anayetaka kulitumia jina hilo hana budi kuyatimiza. Katika utenzi aliotunga Mwana Kupona binti Msham mwaka 1858, binti anaitwa asogee na wino na karatasi. Mama hafichi kwamba anaumwa, na anayeusiwa anajulikana. Innuendo haina hata moja kati ya hayo. Dai langu ni kwamba tunachokisikia humo ni maombolezo yaliyotungwa mapema na waliobaki, yakatiwa kinywani mwa anayeombolezwa.

Ushahidi wa kwanza ni utunzi wenyewe. The Show Must Go On, wimbo unaotajwa kila mara kama kwaheri ya Mercury, kwa sehemu kubwa ni kazi ya mpiga gitaa Brian May. These Are the Days of Our Lives, unaotajwa baada yake, ulitoka kwa mpiga ngoma Roger Taylor. Na Mercury mwenyewe alileta nini? Alileta Delilah, wimbo wa kumbembeleza paka wake, ambamo gitaa la May linalia nyau. Alileta pia All God's People, uliokuwa umeanza katika kazi yake na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé. Mtu anayeandika wosia hamshughulikii paka kwa kiasi hicho (ingawa wapenda paka watanibishia).

Itapingwa kwamba tangu albamu ya The Miracle ya 1989 nyimbo zote zilitiwa sahihi ya bendi nzima, kwa hiyo kuzigawa kwa watunzi ni kuvunja mapatano yao. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inawaumiza wanaoitoa: wosia wenye sahihi nne, tatu kati yake za watu wazima wa afya, ni wosia wa nani? Pingamizi zito zaidi ni la sauti. May amesimulia kwamba alihofia Mercury asingeziweza noti za juu za The Show Must Go On, naye akapiga funda la vodka, akaimba. Kweli wimbo huo una mwili unaopigana, wala sitaki kulipuuza hilo. Lakini kuimba maneno ya mwenzio kwa nguvu zako zote si kuusia. Msibani Birongo, kama kwingineko Ugusii nchini Kenya, anayeimba ni aliyefiwa. Maiti hana zamu. Jambo geni katika studio za Montreux na London ni kwamba aliyekuwa akiondoka alipewa zamu hiyo, akaikubali, akaitekeleza kama fundi.

Tena, wasikilizaji wa kwanza hawakusikia wosia wowote. Kwa miezi tisa walikuwa na albamu ya roki nzito yenye fahari ya zamani: wimbo wake wa kwanza una urefu wa dakika sita na nusu, na katikati roki inanyamaza ili Steve Howe wa bendi ya Yes apige gitaa la Kihispania. Maana ya kifo iliingia Novemba, ikitokea nje ya kanda. Hilo halifanyi usikilizaji wa leo kuwa wa uongo, lakini linatulazimu kukiri kwamba ni tafsiri yetu, si nia ya mtunzi.

Nia yake inaonekana vizuri zaidi katika alichofanya baadaye. Albamu ilipokwisha kutoka, Mercury alirudi kurekodi Montreux, akiacha sauti ambazo wenzake wangezimalizia. Katika Mother Love, uliotokea kwenye Made in Heaven mwaka 1995, aliimba hadi kabla ya ubeti wa mwisho, akaenda kupumzika akikusudia kurudi. Ubeti huo unasikika kwa sauti ya Brian May.