Ziwa Lilikuwa na Wapigaji, Nairobi Ilikuwa na Mashine

Katika miaka ya 1960, mpiga gitaa wa Mwanza au Musoma aliyetaka sauti yake ifike mbali alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa reli: apande treni hadi Tabora, aunganishe hadi Dar es Salaam, akarekodi redioni. Ya pili ilikuwa kaskazini, kwa meli au kwa barabara: Kisumu, kisha Kericho au Nairobi. Redio ingempa jina nchi nzima, lakini utepe wake ungebaki kwenye rafu za redio hiyohiyo. Santuri, ile inayouzwa dukani na kupigwa baa mpaka ikwaruzike, ilitoka Kenya. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Nairobi ilikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Jambo hili dogo la mashine limeamua nani wa kanda ya Ziwa anakumbukwa na nani amesahaulika, na kwa waliokumbukwa, limeamua wanakumbukwa kama watu wa wapi.

Si kwamba Mwanza ilikosa watu wa kucheza dansi au fedha za kiingilio. Ngome ya Wajerumani ya mwaka 1892 ilikuwa imekua ikawa mji wa bandari, na reli kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928, mizigo mingi iliyotoka Usukuma kwenda pwani ilipita hapo. Pamba ndiyo iliyoujenga. Paul Bomani na wenzake walipowaunganisha wakulima, na Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria likaundwa mwaka 1955, fedha ya msimu ilianza kuingia mikononi mwa mkulima mwenyewe. Kusini kulikuwa na mgodi wa almasi wa Mwadui uliogunduliwa mwaka 1940, wenye wafanyakazi wa mshahara. Ziwani kulikuwa na meli, na kuanzia mwaka 1961 MV Victoria ikawa inazunguka bandari za Mwanza, Musoma, Kisumu, Port Bell na Bukoba, ikibeba abiria, mizigo na, bila shaka, habari za nyimbo mpya.

Tena Wasukuma hawakufundishwa na bendi yoyote maana ya kushindana jukwaani. Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vilivyoanza katika karne ya 19, walikuwa wakipambana msimu baada ya msimu, kila upande na manju wake na dawa zake, na mshindi alikuwa yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Zilipokuja bendi za magitaa, kila moja na mtindo wake na jina la mtindo huo, mtu wa Magu au Kwimba hakuona mageni. Mimi naona hii ndiyo sababu Kanda ya Ziwa ilizipenda bendi za dansi upesi hivyo: aliyevua joho la manju aliweza kuvaa suti ya mwimbaji bila kubadili kazi.

Bendi hizo zilijiita jazz. Tabora Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, na kule Musoma, Mara Jazz. Atakayezitafutia New Orleans ndani yake atachoka bure. Zilikuwa na rumba ya Kongo, zilikuwa na Cuba iliyopitia kwenye santuri, na chini ya hayo yote ngoma ya nyumbani. Western Jazz yenyewe iliundwa Dar es Salaam na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, na jina lake lilitokana na Jimbo la Magharibi alikotoka. Ndiyo ilivyokuwa: bara ilitoa watu na majina, pwani ikatoa kumbi na redio.

Lakini mtu wa Ziwa aliyefika mbali kuliko wote hakupanda treni. Alivuka mpaka.

Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, karibu na Shirati, katika pembe ile ya Mara ambako nchi ya Wajaluo inakatwa na mstari wa serikali. Mstari huo uliwekwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886: utoke pwani, upinde kuuzunguka Kilimanjaro, ukomee kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa pale inapopita digrii moja kusini ya ikweta. Shirati ikabaki kusini, upande wa Wajerumani, kilomita chache tu kutoka mstarini. Wamisionari wa Kimennonite waliingia hapo mwaka 1934, wakajenga kanisa na baadaye hospitali, na nyimbo za tenzi zikaanza kusikika mahali palipozoea nyatiti na orutu, ala za nyuzi za Wajaluo.

Wazazi wa Misiani walikuwa waimbaji wote wawili. Hata hivyo baba, mtu wa dini, hakulipenda gitaa. Kisa hiki kimewakuta wapigaji wengi wa kizazi kile, kwa kuwa gitaa lilihesabiwa kuwa ndugu wa pombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kijana akaondoka kwenda Kenya. Hakuhitaji kujifunza lugha wala kutafuta jamaa. Alihama nchi bila kuhama kwao.

Alichokikuta kule kilikuwa muziki uliokuwa ukizaliwa. Vijana wa Kijaluo walikuwa wakilifanya gitaa liseme kama nyatiti, kinubi chao cha nyuzi 8: mdundo wa haraka, nyuzi zinazodonolewa moja moja badala ya kukung'utwa pamoja, besi inayokimbia badala ya kusindikiza, na baada ya kila mstari wa mwimbaji gitaa la solo linajibu. Hiyo ndiyo benga. Misiani hakuianzisha peke yake, ingawa wengi wamempa cheo cha babu yake. Alichofanya ni kuikaza na kuipa maneno mazito. Bendi yake ilibadilisha jina mara kadhaa kabla ya kutulia kwenye Shirati Jazz. Kwa hiyo kila santuri iliyouzwa Kisumu au Nairobi ilibeba jina la kijiji cha Tanzania ambacho wanunuzi wengi hawakuwahi kukiona.

Kurekodi kulikuwa na taratibu zake. Kitu kilichouzwa hakikuwa albamu bali santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja ukikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, geuza, sehemu ya pili upande ule. Mwenye studio au mwenye duka ndiye aliyeamua. Kericho palikuwa na kampuni ya Chandarana, Nairobi palikuwa na kampuni kubwa na wafanyabiashara wadogo waliokuwa na lebo zao. Bendi ilifika na nyimbo zikiwa zimeshaiva ukumbini, kwa sababu muda wa studio uliuzwa na makosa yaligharimu. Albamu ilikuja baadaye, mara nyingi kwa kukusanya santuri ndogo zilizokwisha kupendwa.

Katika wafanyabiashara hao Phares Oluoch Kanindo alikuwa na mkono mrefu kuliko wote. Santuri zake za benga zilisafiri hadi kusini mwa Afrika, na huko Zimbabwe majina yaliyokuwa kwenye lebo zake, Kanindo na Sungura, yakageuka kuwa majina ya aina ya muziki. Wapigania uhuru waliokaa kambini Tanzania wanatajwa miongoni mwa walioubeba muziki huo kurudi kwao. Mdundo wa kandokando ya Ziwa ukawa na watoto Harare kabla haujapata studio Mwanza.

Kisha njia ya kaskazini ikafungwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Wanahistoria wa uchumi hutaja ndege, treni na meli zilizogawanywa. Wachache hutaja bendi. Lakini hesabu ni nyepesi: kwa miaka sita, bendi ya Mwanza ilikuwa na Radio Tanzania tu. Mpango wa Kampuni ya Filamu Tanzania wa kuwa na kiwanda cha santuri nchini haukukamilika. Ndiyo maana bendi kama Super Veya ya Mwanza ziliishi redioni na ukumbini, zikapendwa mno, na leo ni shida kuzipata kwenye rafu ya duka.

Misiani, aliyekuwa upande wa pili wa mpaka, aliendelea. Mwaka 1987 kampuni ya World Circuit ya Uingereza ilitoa albamu ya Shirati Jazz, Benga Beat. Mwaka 1989 zikafuata Benga Blast! na Piny Ose Mer. Umaarufu huo haukumpa usalama. Aliimba siasa kwa mafumbo ya Biblia, historia na wanyama, na serikali za Kenya zilimkamata zaidi ya mara moja. Uraia wake wa Tanzania ulikuwa fimbo ya kumtishia. Kwa Kenya alikuwa mgeni pale alipokosoa, na mwenyeji pale alipouza.

Alikufa kwa ajali ya gari karibu na Kisumu tarehe 17 Mei 2006. Miaka minne baadaye kampuni ya Sterns ya London ilikusanya nyimbo zake za miaka ya 1970 katika albamu iitwayo The King of History, na jalada linasema kwamba hizo ni benga za Kenya. Sterns haijakosea, kwani zilirekodiwa huko. Ila mkoa wa Mara, unaojivunia kwa haki kumzaa Mwalimu Nyerere pale Butiama, nao una deni la kumtaja huyu wa Nyamagongo. Na wewe msomaji wa Mwanza, Musoma au Bukoba mwenye mzazi aliyepiga au aliyecheza dansi enzi hizo, muulize majina ya wapigaji na kumbi, uyaandike na mwaka wake, maana kwa bendi nyingi za Ziwa hakuna santuri ya kuyasoma.