Tarehe ya Vipuri vya Magari ya Kale ya Kijerumani

Mercedes ya mwaka 1960 ikipita barabarani inang'aa, watu hupenda kusema kwamba Mjerumani wa zamani alijua kuunda gari la kudumu. Sifa hiyo ina ukweli wake, ila haitoshi kueleza mambo yalivyokuwa. Bati la Mjerumani lilishika kutu kama bati la wengine, na magari yake mengi yamekwisha kuyeyushwa. Porsche wenyewe walianza kutumia bodi za 911 zilizopakwa zinki katika matoleo ya 1976, na hakuna kiwanda kinachoingia gharama ya namna hiyo kama kutu haikisumbui. Hoja ya tarehe hii ni kwamba magari hayo yamefika leo kwa sababu ya vipuri: viliendelea kutengenezwa baada ya gari lenyewe kuachwa, vipimo vyake viliandikwa na kutunzwa, na sheria ikamwachia fundi wa nje nafasi ya kuvichonga.

Mambo yalianza kabla duka la spea halijakuwapo. Carl Benz aliomba hataza ya gari lake la magurudumu matatu Januari 1886, na Agosti 1888 mkewe Bertha, pamoja na wanawe wawili, alilichukua kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa kilomita mia moja na ushei. Masimulizi ya safari hiyo yanajulikana sana Ujerumani. Mrija wa mafuta ulipoziba, Bertha aliuzibua kwa pini ya kofia. Mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, na breki za mbao zilipolika akamwendea fundi viatu azipigilie ngozi. Ngozi ile ilikuwa kipuri, na aliyeitengeneza hakuwa mtu wa kiwanda. Tangu siku hizo gari limehitaji mafundi wa aina mbili: anayeliunda, na yule litakayemkuta mbele ya safari.

Huduma ya vipuri ilipata mfumo mkubwa Wolfsburg baada ya Vita Kuu ya Pili. Kiwanda cha Volkswagen kilichojengwa chini ya utawala wa Hitler kilikuwa kimepigwa mabomu pale Meja Ivan Hirst wa jeshi la Uingereza alipokabidhiwa mwaka 1945, na Waingereza wakaagiza magari 20,000 kwa matumizi yao. Heinz Nordhoff aliposhika uongozi Januari 1948, alishikilia mambo mawili: umbo la Volkswagen lisibadilishwe ovyo, na popote linapouzwa pawe na fundi na spea. Gari hilo, ambalo dunia inalijua kwa jina la Beetle, likawa linarekebishwa kidogo kidogo kila mwaka, sura ikibaki ileile. Februari 1972 liliipita rekodi ya Ford T kwa kufikisha magari 15,007,034. Ujerumani iliacha kuunda toleo lake la kawaida mwaka 1978, lakini Puebla nchini Meksiko waliendelea hadi Julai 2003, jumla ikawa 21,529,464. Kombi nayo iliundwa Brazili hadi mwisho wa 2013. Kwa hiyo, robo karne baada ya Wajerumani kufunga hesabu zao, mwenye Beetle kuukuu alikuwa bado ana kiwanda hai cha kumtolea pistoni, gasketi na madigadi, hata kama si kila kipande kiliingiliana na cha miaka ya nyuma.

Mpinzani wa hoja hii atatutajia Safari. Mbio za Safari za Afrika Mashariki, zilizokuwa zikikatisha vumbi na tope la Kenya, Uganda na Tanganyika, zilitwaliwa na Mercedes mwaka 1959, 1960 na 1961, na mwaka 1962 zikachukuliwa na Volkswagen. Ushahidi huo ni mzito. Lakini mbio za siku chache hupima kama gari litafika mwisho wa njia. Hazipimi litakavyokuwa baada ya miaka hamsini ya mvua na jua. Kwa hilo, tumtazame Trabant wa Ujerumani Mashariki. Aliundwa Zwickau kuanzia 1957 hadi Aprili 1991, zaidi ya milioni tatu, bodi yake ikifunikwa kwa Duroplast, yaani mabaki ya pamba yaliyoshindiliwa pamoja na resini. Hakuna aliyemsifu kwa nguvu. Ila kwa kuwa mnunuzi alisubiri miaka mingi kabla ya kupewa gari, kila familia ilijifunza kulitengeneza na kuficha spea stoo. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, wengi waliyatelekeza magari yao, lakini kwa sababu ujuzi na vipande vilibaki mikononi mwa watu, Trabant zipo barabarani mpaka leo. Kama uimara pekee ndio ungekuwa sababu, gari hilo lingekuwa limesahaulika.

Miaka ya 1990 ndiyo iliyoigeuza kazi hii kuwa biashara yenye ofisi. Mwaka 1993 Mercedes-Benz walifungua kituo cha magari ya kale Fellbach, karibu na Stuttgart, na viwanda vingine vikajenga idara zao. Tarehe 1 Julai 1997 serikali ya Ujerumani ikaanzisha namba ya gari yenye herufi H, kwa gari lililotimiza miaka 30 na lililotunzwa katika hali yake ya asili. Mwenye namba hiyo hulipa kodi moja isiyobadilika, yapata euro 191 kwa mwaka, na huruhusiwa kuingia maeneo ya miji yaliyofungiwa magari ya moshi mwingi. Sharti la hali ya asili ndilo lililokuwa na uzito kwa mafundi. Kabureta ya kubahatisha au taa za gari jingine zingeweza kumnyima mtu namba yake, hivyo kipuri sahihi kikapata soko la uhakika. Hapo ndipo makabati ya viwandani yalipoonekana thamani yake: michoro, namba za vipuri, na zile kadi za Mercedes zinazoonyesha kila gari lilitoka na injini namba ngapi, rangi gani na vifaa gani.

Mfano mmoja unaeleza zaidi ya takwimu. BMW 507 iliundwa miaka ya 1950 kwa idadi ndogo sana, kama magari 250. Moja lilikuwa la Elvis Presley, aliyelichukua mwaka 1958 alipokuwa askari wa Marekani nchini Ujerumani. Miaka mingi baadaye lilipatikana California ndani ya ghala la maboga, halina injini, likarudishwa Munich mwaka 2014. Mafundi wa BMW waliizamisha bodi ya aluminiamu kwenye tindikali ili rangi ya zamani itoke yote, wakaunganisha injini mpya kutokana na vipuri vya aina ileile, na ngozi ya viti wakaishona kwa kufuata picha za zamani. Vitasa vya milango na mikono ya kupandishia vioo vilitengenezwa kwa njia za kisasa, ikiwamo printa ya 3D. Mwaka 2016 gari lilionyeshwa Pebble Beach likiwa jeupe kama lilipotoka kiwandani. Kama michoro na vipuri vingekuwa vimetupwa, bodi ile ingebaki pambo la makumbusho.

Wapo wanaosema kwamba printa hizo zimemaliza shida: pima kipande kwa mashine, bonyeza, kipuri kimepatikana. Ni kweli zimefungua mlango. Mwaka 2018 Porsche walitangaza kwamba wameunda upya wenzo wa kuachia klachi wa 959, gari lililotoka 292 tu, kwa kuyeyusha unga wa chuma kwa miale ya leza, tabaka juu ya tabaka. Kisha wakaukandamiza kwa uzito wa karibu tani tatu kabla ya kuuamini. Jaribio hilo ndilo jibu. Mashine inayopima kipande kilicholika itatoa kipande kilicholika vilevile. Haijui aina ya chuma, kiasi cha moto kilichokikaza, wala nafasi ya nywele inayotakiwa kati ya ekseli na beringi. Hayo yamo kwenye mchoro na kichwani mwa fundi. Tena ugumu umeanza kuhamia kwenye umeme: Mercedes nyingi za mwanzo wa miaka ya 1990 zina nyaya ambazo gamba lake hukauka na kupukutika, na hilo halinyooshwi kwa nyundo ya fundi bodi.

Pingamizi la pili ni la uhalisi: gari lililobadilishwa nusu yake, je, ni lilelile? Porsche walikutana na swali hili walipoinunua 911 namba 57, iliyogunduliwa Brandenburg mwaka 2014 ikiwa imeoza na haina madigadi ya mbele. Walitumia miaka mitatu, na palipohitaji bati walikata kutoka bodi nyingine ya zama zilezile. Njia hiyo ni ya heshima, lakini magari ya kukatwa yatakwisha. Kipimo cha haki zaidi ni uwazi: kipya kiandikwe kuwa kipya, na namba ya chesesi isihamishwe kutoka gari moja kwenda jingine. Anayefanya hivyo hadanganyi mtu, na gari lake linaendelea kuwa ushahidi wa historia.

La mwisho ni la sheria. Viwanda hulalamika kwamba wachongaji wa nje huiba kazi yao. Desemba 2017 Mahakama ya Ulaya, katika kesi ya Acacia dhidi ya Audi na Porsche, iliamua kwamba, kwa sheria ya wakati huo, rimu za kufanana ziliweza kutengenezwa kwa ajili ya matengenezo, mradi zifanane kabisa na za asili. Isitoshe, haki ya muundo uliosajiliwa haizidi miaka 25, kwa hiyo gari linapofikia umri wa namba ya H, mara nyingi kinga hiyo imekwisha. Nembo haifi hivyo. Januari 2024 mahakama hiyohiyo ilisema Audi wanaweza kumzuia muuzaji wa shoo za mbele za magari yao ya miaka ya 1980 na 1990, kwa sababu kishikizo cha nembo kilikuwa na umbo la duara zao nne. Mpaka huo unaeleweka: chonga kipande, usijifanye wewe ndiye kiwanda.

Mafundi wa jua kali Nairobi na wa Gerezani Dar es Salaam wanachonga vipuri kila siku, na mikono yao haina upungufu. Kinachokosekana mara nyingi ni daftari. Fundi unayesoma haya, kabla hujamrudishia mteja kipande ulichokipatia sawasawa, kipime, andika chuma ulichotumia, na uweke nakala. Fundi atakayelipokea gari hilo baada yako atahitaji maandishi hayo.