Futi 40 za San Francisco

Ukishuka kilima cha Russian Hill, San Francisco, kuelekea Aquatic Park, unatembea huku ghuba iko mbele yako: maji, matanga, na kisiwa cha Alcatraz katikati. Mara unakabiliana na majengo mawili yaliyopinda, kila moja la ghorofa 17, na bahari huioni tena. Hayo ndiyo Fontana. Yalijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na sheria ya kuyazuia haikuwepo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, kazi ndiyo iliyonileta huku, na naamini habari iliyoanzia kwenye majengo haya inatuhusu sana sisi watu wa pwani.

Wakaazi wa mlimani walipoona wamezibiwa bahari, hawakuishia kunung'unika vibarazani. Mwaka 1964 jiji liliweka kikomo cha futi 40, yaani kama mita 12, kwa majengo ya ufukwe wa kaskazini. Fontana yalibaki, ila hayakupata ya kuyafuata. Hatua chache kutoka hapo, kiwanda cha zamani cha chokoleti cha Ghirardelli kilikuwa kimenunuliwa mwaka 1962 na William Roth na mama yake, kwa hofu kwamba nacho kingevunjwa yapandishwe maghorofa. Wakakigeuza kuwa maduka na mikahawa, na matofali yake mekundu yapo hadi leo.

Watu wa mji huo walikuwa wamekwisha kuona gharama ya kuchelewa. Mwaka 1959 madiwani, kwa kelele za wananchi, walifuta mipango mingi ya barabara kuu za ndani ya mji. Lakini kipande cha barabara ya Embarcadero kilikuwa kimeshasimama: saruji ya ngazi mbili mbele ya Ferry Building, jengo la vivuko la mwaka 1898, ikiutenga mji na gati zake. Haikuondoka mpaka tetemeko la Oktoba 1989 lilipoidhoofisha. Mwaka 1991 ikabomolewa. Leo pale hupita tramu, na Jumamosi wakulima humwaga matunda na mboga zao nje ya jengo la vivuko. Hata mnara wa U.S. Steel wa futi 550, uliopendekezwa kwa ufukwe huohuo, ulizimwa mwaka 1971 baada ya wakaazi kuupinga.

Vita vikubwa vya zama zetu vilikuwa vya kiwanja kiitwacho 8 Washington. Wajenzi walitaka nyumba 134 za kifahari, na kikomo cha urefu kipandishwe kutoka futi 84 hadi 136. Madiwani walikubali mwaka 2012. Wapinzani, akiwemo meya wa zamani Art Agnos, wakazunguka kukusanya saini ili suala lipelekwe kwenye kura. Kaulimbiu yao ilikuwa kukataa ukuta ufukweni. Novemba 2013 wapiga kura waliukataa mradi. Juni 2014 wakapitisha, kwa karibu asilimia 59, sheria kwamba jengo lolote kwenye ardhi ya bandari linalotaka kuvuka kikomo cha urefu lipate kwanza ridhaa ya wapiga kura.

Wako wanaosema hii ni choyo ya matajiri wanaolinda madirisha yao katika mji ambao kodi ya nyumba inawafukuza walimu na wapishi. Hoja hiyo siipuuzi. Kodi hiyo nailipa. Lakini tazama kilichotokea Novemba 2015. Wapiga kura wa mji uleule waliulizwa kuhusu Mission Rock, ambalo wakati huo lilikuwa eneo la kuegesha magari karibu na uwanja wa timu ya besiboli ya Giants. Majengo yangefika futi 240, na asilimia 40 ya nyumba zingetengwa kwa watu wa kipato cha chini na cha kati. Karibu robo tatu ya wapiga kura walisema ndiyo. Basi urefu peke yake haukuwa ugomvi. Ugomvi ulikuwa nani anaamua, na mji unapata nini.

Kwetu nako, Katiba ya Kenya ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika maamuzi. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo nyumbani: hema, viti vya plastiki, chupa za maji. Tulisema, tukaandikwa, tukatia sahihi karatasi ya mahudhurio, na njia yetu ya kwenda pwani ikazibwa vilevile. Kusikilizwa bila kuwa na uwezo wa kukataa hakutoshi. Nataka kaunti zetu za pwani ziandike kikomo cha urefu wa majengo ya ufukweni kwa tarakimu, na atakayetaka kukivuka aje kuomba kura ya wakaazi. Mradi wenye faida kwa wote utapita, kama Mission Rock ulivyopita.